Mzani Ambao Haukuletwa

Karatasi hii nimeikuta leo asubuhi ndani ya kasha la Mama, nikitafuta cheti changu cha ubatizo. Shuleni wamesema kila atakayeingia kidato cha nne arudi nacho baada ya likizo, ili majina kwenye fomu za mtihani yasije yakapishana. Cheti nimekipata juu juu tu, katikati ya kitabu cha nyimbo. Hii nyingine ilikuwa chini kabisa, chini ya kitenge ambacho Mama hakivai, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umefungwa kwa kamba ya mgomba. Niliujua kabla sijaufungua. Unanukia dawa ya hospitali na kahawa, na harufu hizo mbili zikiwa pamoja, kwangu mimi ni za siku moja tu.

Kamba nimeifungua. Nimeona wino ulivyojitokeza upande wa nyuma, nikaacha. Sijaikunjua. Mama yuko nyuma ya nyumba anachambua maharage, namsikia anavyoyatupa mabovu. Nataka kwanza niandike ninavyokumbuka mimi, kabla karatasi haijaanza kunisahihisha. Maana miaka yote hii nimeamini kwamba siku ile nilipimwa nikakutwa pungufu, na kwamba darasani nilirudishwa kwa huruma tu.

Sijawahi kumwambia mtu. Muhula uliopita nilipata kumi na mbili kwa mia katika hesabu, na msichana wa kitanda cha jirani akanitania, "Adve, wewe ukapimwe akili!" Bweni zima likacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda msalani nikakaa humo mpaka kengele ikalia. Wenzangu wanalisema neno hilo kama wanavyosema kanawe uso. Hawajui kwamba mimi nilishakwenda.

Nilikuwa darasa la pili. Malaria ilinipanda kichwani, nikalazwa. Ya mara hiyo sikumbuki mengi: nakumbuka dari, na Mama akiimba wimbo wa kanisani kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, akirudia ubeti mmoja kwa sababu wa pili haujui. Nilipopona nilirudi nyumbani na miguu myembamba kama ya korongo, na maneno yamepotea. Siyo yote. Ya Kinyambo yalikuwapo, yamekaa mahali pake kama vyungu vya Mama. Yaliyopotea ni ya Kiswahili, yale tuliyoyapata shuleni. Nilikuwa naona kitu, najua kazi yake, najua hata kinavyonukia, lakini jina lake la shuleni halipo. Nikilitafuta, naona weupe tu, kama ukungu wa asubuhi kule bondeni unapoficha migomba.

Mwalimu akisema, "Adventina, lete dasta," nilielewa kwamba anataka kitu, na kwamba kiko mbele ya darasa. Nikaenda nikaleta kopo la maji. Darasa likacheka. Kesho yake nikaleta ufagio. Siku ya tatu sikusimama kabisa, nikaangalia magoti yangu mpaka akamtuma mwingine.

Dawati nilikaa na Yudita tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Tulikuwa na rula moja ambayo tuliivunja wenyewe makusudi, nusu yake, nusu yangu. Asubuhi moja nikamkuta amehamia dawati la nyuma.

"Yudita, mbona huko?"

"Mama amesema."

"Amesema nini?"

Aliangalia pembeni. "Amesema malaria ikishapita kichwani mwa mtu inaacha njia. Nyingine inaweza kupita humohumo, ikaruka kwa anayekaa karibu."

"Hairuki," nikasema.

"Mimi sijui. Mama ndiye amesema." Kisha akanyoosha mkono akanipa kile kipande chake cha rula, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Nikawa na rula nzima. Sijawahi kuwa na kitu kizima kikanisikitisha namna ile. Wakati wa mapumziko wenzangu waliruka kamba uwanjani, mimi nikakaa nyuma ya darasa, mgongo ukutani, navilinganisha vile vipande viwili pale vilipovunjika. Vilikubaliana vizuri sana. Nikiviachia, vinaanguka.

Halafu Mwalimu Mkuu akamwita Mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi, nimeshika kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Deus. Kaa." Deus ni kaka yangu, wakati huo alikuwa darasa la sita. "Mtoto huyu hana utundu, simlaumu. Ila anasahau. Sasa nimesikia hospitali atakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, anawaona watoto wa namna hii. Mpeleke akapimwe akili. Akikutwa ziko sawa, atarudi hapa hapa. Zikikutwa zimepungua, kuna shule yao ya bweni. Watamchukua."

"Shule hiyo iko wapi, Mwalimu?"

"Mbali, Mama Deus. Ng'ambo ya ziwa."

Ziwa sikuwahi kuliona. Nilidhani ni maji yasiyokuwa na ng'ambo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilianza kuangalia vitu vya njiani kama mtu anayeviaga: ule mkaratusi uliopigwa na radi, ukuta wa duka lililofungwa, nyasi za kibanja chetu cha migomba.

Neno kupima, hilo malaria haikulichukua. Nililijua sana. Kila msimu tulikwenda na Mama kwenye chama cha ushirika kupeleka kahawa, na pale kulikuwa na mzani mkubwa wenye ndoano. Gunia linatundikwa, mshale unatetemeka, watu wote wananyamaza. Kisha karani anaita kilo. Lisipofika, anapaza sauti, "Pungufu!" na mwenye gunia anainamisha macho, hata kama ni mzee wa kanisa. Likiwa zito kuliko linavyoonekana, karani hasemi neno, anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. "Imelowa. Rudi nayo ukaanike."

Jioni nilimfuata Deus alipokuwa anakata majani ya mbuzi.

"Deus, akili inapimwaje?"

"Kama kahawa tu."

"Watanitundika?"

"Kichwa. Mwili wanauegemeza mahali."

"Na nikiwa pungufu?"

"Unarudishwa nyumbani ukaanikwe." Akaniona uso, akaacha kucheka. "We, Adve, nakutania. Mtu hatundikwi."

Lakini nilikuwa nimeshaona jinsi ya kufanya. Kichwa kitupu hakiwezi kuwa kizito. Kichwa kilicholowa kinaweza.

Siku ya kwenda, Mama alinivika gauni la Jumapili. Akafunga kahawa ya kutafuna kwenye mfuko mdogo wa nailoni, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Alisema mtaalamu ametoka mbali, hatuwezi kwenda kwake mikono mitupu. Kutoka kwetu Bugene mpaka hospitali tulitembea kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma, na njia nzima alikuwa ananifundisha.

"Ukifika, piga magoti umsalimie."

"Ndiyo, Mama."

"Usimkazie macho. Ukiulizwa, jibu kidogo."

"Ndiyo, Mama."

"Na mkubwa akisema, usimrudishie maneno. Umenisikia? Hata neno moja usirudishe. Asije akasema mtoto huyu, pamoja na ugonjwa, hana adabu."

Hilo nalo sikuhitaji kuelezwa. Juma moja kabla, Deus alimwiga mjomba akikohoa na kusema "leteni maji", akasema vilevile kwa sauti ileile, na akalala bila chakula. Kwetu mtoto akichukua maneno yako akakusemea tena, anakudhihaki. Kwa Kiswahili tulichokijua sisi, kurudisha maneno ni hivyo tu, hakuna namna ya pili.

Tulipofika kwenye kijito Mama alitangulia kuvuka, akaniambia nishike gauni juu. Nikaachia gauni, nikapiga magoti kwenye maji, nikazamisha kichwa chote. Nywele hazikuwa zimenyolewa tangu nilipougua, zikanywa maji vizuri. Nilihesabu mpaka pumzi ikaisha.

"Adve!" Mama alirudi mbio, akanivuta kwa mkono. "Umeanza tena? Mungu wangu, umeanza tena, na leo?"

Nilitaka kumweleza, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na mdomo wa Mama ukitetemeka mimi siwezi kusema. Alinifuta kwa upande wa khanga, akanifuta sana, mpaka masikio yakauma. Nikasimama na kichwa kilichonyooka ili maji yaliyobaki yasimwagike.

Barazani hospitalini palikuwa na akina mama wengi wenye watoto wachanga, na juu yao, kwenye boriti, mzani. Siyo ule wa gunia. Ulikuwa mdogo, wa duara kama saa, na chini yake inaning'inia suruali ya kitambaa. Mtoto akatumbukizwa miguu, akatundikwa, akalia, mshale ukatetemeka. Nikajua ndiyo huo. Nilitafakari kichwa changu kitaingilia wapi, kwenye mguu wa kulia au wa kushoto, na kama nitaweza kupumua.

Tuliitwa kwenye chumba cha mwisho. Mama akatoa kahawa yake kwa mikono miwili, mtaalamu akaipokea na kushukuru, akaimimina kwenye kisahani mezani, akamrudishia mfuko. Kisha Mama akaambiwa asubiri nje. Mlango ulipofungwa nikasikia ndala zake zikienda mpaka kwenye benchi, zikanyamaza.

Mtaalamu alikuwa mwanaume mwembamba, shati jeupe, miwani, na Kiswahili chake kilikwenda kasi kama maji ya mteremko. Pembeni alikaa muuguzi wa kwetu ambaye watu wote walimwita Sista. Nikapiga magoti. "Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Inuka, binti, kaa kitini. Mbona unachuruzika hivyo? Mvua imekukuta?"

Akainuka, akanyoosha mkono, akanishika kichwani.

Karani ametia mkono kwenye gunia. Nilifumba macho nikasubiri aseme imelowa. Hakusema. Alijifuta mkono kwa leso na kurudi kukaa, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kweli, maana niliona anajua na ananificha.

Akatoa vitu mkobani kimoja kimoja. Vilikuwapo vitofali vya mbao, vyekundu na vyeupe, akataka nivipange kama vilivyochorwa kwenye kadi. Nilipanga viwili vitatu nikaacha. Tafadhali nielewe, wewe utakayesoma daftari hili: mimi nilidhani hayo yote ni ya kupitisha muda mpaka mzani uletwe. Nilikuwa naangalia mlango.

Akanionyesha picha za vitu, nitaje majina. Nyingine nilitaja. Nyingine ukaja ule ukungu, nikataja kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, na Sista akamwambia nilichosema. Akanionyesha picha ya meza iliyoandaliwa: sahani, chakula, vikombe, viti vimezunguka.

"Angalia vizuri. Hapa kuna kitu kimekosekana. Ni nini?"

Kikombe kimoja hakikuwa na mkono. Hilo niliona, lakini kwetu vikombe vingi havina mikono na watu wanakunywa. Nikaangalia viti. Nikakumbuka dawati langu.

"Wenyewe," nikasema.

"Wenyewe akina nani?"

Sikujibu zaidi. Niliambiwa nijibu kidogo.

Kisha akaweka kalamu chini, akaegemea mbele, akasema polepole. "Sasa nitakutajia namba. Nikimaliza, na wewe unirudishie. Sawa? Saba. Mbili. Tisa."

Nilihisi masikio yanapata moto.

"Nirudishie, binti. Nirudishie vile nilivyosema mimi."

Nikaangalia sakafu. Mtu mzima, tena mgeni, tena mbele ya Sista, ananiambia nimrudishie maneno! Niliona ni mtego. Nikirudisha tu, ataandika kwamba sina adabu, na hiyo itakuwa sababu ya kunipeleka ng'ambo ya ziwa. Nikabana midomo mpaka nikasikia meno.

"Tujaribu nyingine, labda hukusikia. Saba, mbili, tisa, nne, moja. Haya, nirudishie."

Nje mtoto alikuwa analia kwenye ule mzani.

"Mwanangu, mjibu mtaalamu," Sista akasema kwa Kinyambo, kwa upole. Hata yeye, nikawaza. Hata wa kwetu.

Mtaalamu akaandika kitu kifupi, mkono ukazunguka mara moja tu. Nafikiri ilikuwa sifuri. Akavikusanya vitofali vyake, akasema, "Haya, tumemaliza. Umejitahidi."

Tumemaliza? Nikasahau yote niliyofundishwa njiani. "Na mzani?" nikamuuliza Sista kwa Kinyambo.

"Mzani gani?"

"Wa kichwa. Hajanipima bado." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema na machozi yameshakuja, nikasema yote: kahawa, gunia, ndoano, karani. Nikasema kwamba nililowesha kichwa kijitoni ili kisikutwe pungufu, na sasa maji yanakauka, kama ananipima anipime haraka.

Sista aliweka kiganja mdomoni. Akamgeukia mtaalamu akamweleza, wakaongea kidogo kwa Kiingereza. Mtaalamu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kuandika, akaandika muda mrefu. Nikajua anaandika kwamba imelowa.

Nikatolewa nje, Mama akaitwa ndani. Nilikaa kwenye lile benchi, mahali pake pakiwa bado na joto. Akina mama wengine walikuwa wanaangalia nywele zangu na kunong'ona. Na hapo, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kunisemesha, nikazisema zile namba kimoyomoyo, kisha kwa midomo, kisha kwa sauti ndogo. Saba, mbili, tisa, nne, moja. Saba, mbili, tisa, nne, moja. Zilikuwapo zote. Hazikuwa na ukungu. Sista alipita na beseni, hakusimama, akaenda zake akarudi chumbani. Nani mwingine angenisikia?

Mama alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa, ya kumpelekea Mwalimu Mkuu. Akaitia kwenye ule mfuko wa kahawa. Tulipofika kijitoni alinishika mkono, na hakuniachia hata tulipokwisha kuvuka, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kushikwa mkono. Nikafahamu kwamba mambo ni mabaya.

Kesho yake Mwalimu Mkuu aliisoma amesimama. Akafika mahali akaacha kusoma, akatikisa kichwa. Mimi nilimwona. Mama naye alimwona. Akaikunja akamrudishia Mama. "Haya," akasema. "Arudi darasani. Akae mbele." Basi. Hakusema zaidi, na Mama hakuwa mtu wa kumuuliza Mwalimu kilichomo kwenye karatasi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

Nikakaa mbele, dawati la watu wawili, peke yangu. Mwalimu akaanza kuniuliza polepole na kunisubiri. Maneno yakarudi, moja leo, mawili kesho. Dasta lilirudi siku nilipokuwa naosha sahani, nikalisema kwa nguvu mpaka Deus akashtuka. Yudita hakurudi. Hatukugombana, tulisalimiana kila siku mpaka tukamaliza la saba, na nusu zote mbili za rula zilibaki kwangu.

Nyumbani nako Mama alibadilika. Hakunituma tena dukani. Nikitaka kwenda na kahawa ushirika, anasema, "Mwache Adve, asichoke kichwa. Ataenda Deus." Nilipofaulu kwenda sekondari watu walipiga vigelegele, Mama alikaa chini akauliza, "Ataweza kweli?" Hakuuliza kwa ubaya, najua. Lakini nilijiambia: yeye anajua kilichoandikwa. Kila alama mbaya niliyoipata baadaye niliiona ni ile sehemu iliyoliwa na malaria, na alama nzuri niliona ni bahati. Na kila nilipobaki peke yangu, njiani, bwenini, kanisani, nilizisema zile namba tano, kama kuhakikisha kitu kiko mfukoni.

Sasa naikunjua.

*

Naendelea alasiri.

Mwandiko ni mdogo na umelala. Juu ameandika jina langu na kwamba nina miaka kama minane. Halafu:

"Baada ya homa, majina ya vitu kwa Kiswahili yamemtoka. Kwa Kinyambo anayo, isipokuwa ya vitu ambavyo hajawahi kuviona. Akae mbele, aulizwe polepole, asichekwe. Yatarudi.

"Namba hakunirudishia. Nilimpa sifuri. Mama yake amenieleza alivyomfunza njiani, na muuguzi amemsikia barazani akizitaja zote tano kwa mpangilio wake. Sifuri nimeifuta. Kosa ni la swali langu, si la mtoto.

"Katika picha ya meza amekosa, kwa mujibu wa kitabu. Jibu lake bado nalifikiria.

"Alilowesha kichwa ili mzani usimkute pungufu. Mtoto anayeweza kuwaza hivi, sioni sababu ya kumhamisha."

Nilisoma mara nne. Kisha nikatoka nayo nyuma ya nyumba. Mama alikuwa na ungo mapajani. Aliinua macho, akaiona, na uso wake ukawa ule wa kijitoni.

"Umeitoa wapi?"

"Kashani."

"Irudishe."

"Mama, uliwahi kusomewa?"

"Nani anisomee? Deus? Aende akacheke na wenzake?" Akaendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa hata maharage mazima. "Mwalimu alitikisa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu. Nikasema, huyu asije akaijua mpaka nife."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Karatasi ya hospitali haichomwi."

Nikakaa chini kwenye nyasi, nikamsomea. Nilisoma Kiswahili, nikageuza kwa Kinyambo, sentensi moja moja. Nilipofika pale penye swali na mtoto, Mama akanyoosha mkono.

"Rudia hapo."

"Kosa ni la swali langu, si la mtoto."

Kuku akaja akadonoa kwenye ungo, hakumfukuza. Nilipomsomea ya maji alisema, "Ndiyo maana!" kisha, "Kumbe Mwalimu alipotikisa kichwa alikuwa anacheka?" na akaanza kucheka yeye, kicheko kilichovunjika katikati, akajifuta kwa upande wa khanga, akajifuta sana kama alivyonifuta mimi siku ile. "Miaka yote hii," akasema. "Nilikuwa naona kama ninakulinda."

Na mimi pia nilikuwa na miaka yangu, lakini haikuwa saa yake.

Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Hizo namba. Bado unazo?"

"Ninazo."

"Hebu nitajie."

"Saba," nikasema.

Mama akaokota haragwe moja zima, akaliweka pembeni ya ungo. "Saba," akanirudishia.

"Mbili."

"Mbili."

Tukaenda hivyo, mimi nikitangulia na yeye akifuata, mpaka tukazimaliza.